Nani Aruhusiwe Kumwamuru Bawabu?

Muhula huu wanafunzi wengi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wameniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: kwa nini katika chumba chetu cha kompyuta wanaweza kufungua kamusi, ramani na vitabu vya intaneti, lakini wakiandika anwani ya ile mashine ndogo iliyofungwa ukutani hawapati kitu, hata ukurasa wa kuulizwa neno la siri hauonekani? Mwalimu mmoja naye aliniuliza hayo hayo, tena kwa kunung'unika kidogo. Na wazazi waliokuja siku ya mkutano walitaka kujua alama za watoto wao na namba zao za simu, ambazo siku hizi zimo katika kompyuta ya ofisi, zinalindwa na nini. Maswali haya yote yana jibu moja, nami nimeona afadhali niliandike hapa mara moja kuliko kulieleza mara arobaini.

Kwanza jina. Mashine hiyo huitwa ukuta wa moto. Msidhani ni ukuta unaowaka. Jina limetoka kwa waashi: katika majengo yaliyoshikana hujengwa ukuta mnene baina ya nyumba na nyumba, ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Mimi nalipenda zaidi neno bawabu, kwa kuwa ukuta hausomi wala hauamui, na mashine hii husoma na kuamua. Kila habari ipitayo mtandaoni hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa anwani ya kilikotoka, anwani ya kiendako, na namba ya mlango kinaoutaka. Bawabu husoma hayo, huitazama orodha ya amri alizopewa, kisha hukipitisha kipande au hukitupa.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na msomaji asiharakishe. Vipande vinavyomfikia bawabu ni vya namna mbili. Viko vinavyompita tu, mathalani swali la mwanafunzi liendalo kwenye kamusi iliyoko ng'ambo, na jibu lirudilo. Na viko vinavyomjia bawabu mwenyewe, vikitaka kusema naye na kumpa amri mpya. Kwa maana bawabu naye ni kompyuta. Ana anwani yake na milango yake. Aghalabu mlango wa 443 hutoa ukurasa wa kumtawala. Mlango wa 22 hupokea amri zilizofumbwa kwa njia iitwayo SSH, iliyotungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Mashine za kale zina pia mlango wa 23, wa Telnet, ambao hupitisha neno la siri wazi kama barua isiyo na bahasha. Huo wa 23 ufungwe kabisa, wala pasiwe na mjadala.

Mafundi wengi huandika kwa uangalifu amri za vipande vinavyopita, na zile za vipande vinavyomjia bawabu huziacha kama zilivyotoka dukani. Ni sawa na mwenye boma aliyemweka askari langoni, akamkataza kumpitisha mgeni asiye na cheti, lakini hakumwambia ni nani awezaye kumbadilishia amri. Akija mtu yeyote usiku akamwambia, "Leo wapitishe wote," askari atatii.

Mwalimu yule aliyenung'unika alinijibu hapo kwamba mashine ina neno la siri, tena refu. Kwa nini basi kuuficha na ukurasa wenyewe? Ni hoja ya mtu mwenye akili, nayo yastahili jibu la matendo yaliyotokea, si la maneno matupu.

Kampuni ya MikroTik, ya mji wa Riga katika nchi ya Latvia, hutengeneza mashine za kuongoza na kulinda mitandao, ambazo kwa sababu ya bei yake nafuu zinatumika sana, hata hapa Afrika Mashariki. Mashine hizo huamriwa kwa programu iitwayo Winbox, ipitiayo mlango wa 8291. Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro katika mlango huo: mtu aliyeweza kuufikia aliweza, bila neno la siri lolote, kuvuta faili lenye majina ya wasimamizi pamoja na maneno yao ya siri. Kampuni ilitoa dawa mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Lakini wenye mashine wengi hawakuitia. Miezi michache baadaye wezi walianza kuziteka mashine hizo, kwanza Brazili na kisha duniani kote, hata hesabu za watafiti zikapita laki mbili. Katika kurasa ambazo watu walizifungua wezi walipenyeza programu ndogo, na kompyuta za watu hao zikawa zikiwachumia wezi fedha za kidijitali bila wenyewe kujua.

Sasa tazameni. Mwenye neno la siri la herufi nne na mwenye neno la siri la herufi thelathini waliibiwa sawasawa, kwa maana mwizi hakulibahatisha; alilisoma. Aliyesalimika, hata kabla ya kutia dawa, ni yule ambaye mlango wake wa 8291 haukuwa ukiwaitikia watu wa intaneti. Mwizi alipobisha hakusikia jibu, akaenda zake.

Wala mashine za bei kubwa hazikunusurika. Novemba 2024 kampuni ya Palo Alto Networks ya Marekani, itengenezayo kuta za moto za mashirika makubwa, ilitangaza kasoro katika ukurasa wa kuzitawala mashine zake: aliyeufikia ukurasa huo aliweza kuwa msimamizi bila kuulizwa neno la siri. Ushauri wa kampuni yenyewe ulikuwa kwamba ukurasa huo ufikiwe na anwani za ndani zinazoaminiwa, basi. Na mwaka uliotangulia, tarehe 13 Juni 2023, idara ya usalama wa mtandao ya Marekani iitwayo CISA ilikuwa imekwisha kuziamuru ofisi za kiraia za serikali kuu ya nchi ile kwamba ukurasa wa namna hiyo ukionekana kwenye intaneti, uondolewe huko au uwekewe ulinzi maalum katika muda wa siku 14.

Hivyo yapasa tutofautishe mambo mawili: ni nani awezaye kuingia, na ni nani awezaye hata kubisha. Neno la siri ni la jambo la kwanza tu.

Katika shule yetu tumefanya hivi. (Namba nitakazozitaja si zetu hasa; nimezibadili, nanyi mnaijua sababu.) Ofisi zina mtandao wake, chumba cha kompyuta kina wake, na walimu wenye simu wana wao usiotumia waya. Kando ya hiyo uko mtandao wa nne, mdogo mno, wa 192.168.99, wenye kompyuta mbili tu za kumwamuru bawabu. Orodha ya vipande vinavyomjia bawabu mwenyewe inasomwa kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayolingana na kipande ndiyo itumikayo. Inasema: pokea majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanzwa, pokea kompyuta hizo mbili katika mlango wa 22 na wa 443, pokea mitandao yetu ya ndani katika mlango wa 53, kwa kuwa huko kompyuta zote huulizia anwani za majina ya intaneti, kila kilichobaki, tupa. Mlango wa 53 husahauliwa mara nyingi. Mtu hufunga kila kitu kwa furaha, kesho yake shule nzima inalalamika kwamba intaneti imekufa.

Mwanafunzi mmoja mwerevu wa Kidato cha Nne alinijia na swali zuri. Akasema, "Mwalimu, je, nikiipa kompyuta yangu anwani ya 192.168.99.2, bawabu hatanidhania kuwa ni wewe?" Swali hili lilinifurahisha kuliko majibu yote ya mtihani wa muhula. Ni kweli, anwani ni kama jina ambalo mgeni hujitajia mwenyewe mlangoni. Kutaja jina la mtu si kuwa mtu huyo. Kwa sababu hiyo amri yetu haisemi anwani peke yake, bali husema pia waya. Mtandao ule wa nne una waya wake unaoingia katika tundu lake la bawabu, na kipande chenye anwani ya 99 kikija kwa waya wa chumba cha kompyuta hutupwa papo hapo. Naye bawabu mwenyewe yumo ndani ya kabati lililofungwa, kwani mashine nyingi za aina hii zina kitufe ambacho mtu akikibonyeza kwa ncha ya kalamu kwa sekunde chache, amri zote hufutika na mashine hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kufuli ya kabati, ya bei ndogo kabisa, ni sehemu ya ulinzi huu sawa na hizo namba.

Tuje kwa watu, maana hapa ndipo palipoleta maneno katika chumba cha walimu. Wako waliotaka neno moja la siri lijulikane na walimu wote, ili kazi isisimame mmoja akiugua. Mimi nilipinga. Walimu wa serikali huhamishwa; mwalimu akienda na uhamisho wake anakwenda na neno la siri kichwani, na neno lijulikanalo na watu ishirini halina mwenyewe. Likitokea jambo, kitabu cha kumbukumbu cha mashine kitaonyesha kwamba "admin" alibadili amri saa nane usiku, na huyo "admin" ni nani? Ni wote, na si yeyote. Kwa hiyo wasimamizi ni wawili, kila mmoja kwa jina lake. Mwalimu wa tatu amepewa ruhusa ya kutazama bila kubadili. Barua ya uhamisho ikifika, jina la mwenye barua hufutwa siku ile ile. Na kwa ajili ya ugonjwa au msiba, neno la siri la dharura limo katika bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya kasha la chuma la Mkuu wa Shule. Kumbukumbu za mashine hupelekwa katika kompyuta nyingine, kwa sababu mwizi akiingia jambo la kwanza afanyalo ni kufuta nyayo zake.

Fundi aliyetufungia mtandao, kijana mwema na hodari, aliomba tumwachie mlango wazi kutoka nje ili asilazimike kusafiri kila tukimwita. Ombi lake si baya. Nauli ni fedha. Lakini mlango ulioachwa kwa ajili yake ungekuwa wazi kwa dunia nzima. Tukamfanyia njia iliyofumbwa, ile iitwayo VPN, ambayo hufunguliwa anapotupigia simu na kufungwa amalizapo kazi. Amekubali, ingawa huona tunajisumbua.

Wazazi nao wajue kwamba jambo hili si hiari ya mwalimu wa kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka atunzaye habari za watu azilinde, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, hata kama mwingiaji hakuiba kitu.

Ulinzi usiojaribiwa haujulikani kama upo. Kila mwezi nakaa katika kiti cha mwanafunzi na kubisha mlango wa 22, wa 443 na wa 23. Kisha natoka nje na kujaribu kwa simu. Angalieni: simu itumie intaneti ya laini yake, si ya shule, la sivyo utakuwa unabisha kutoka ndani huku ukijidhania uko nje.

Kwa wanaotaka kujizoeza, haya hapa mazoezi. Msimamizi wa shule fulani aliandika amri tatu kwa mpango huu: ya kwanza, tupa kila kipande kinachomjia bawabu, ya pili, pokea kompyuta ya 192.168.99.2 katika mlango wa 443. Ya tatu, pokea mitandao ya ndani katika mlango wa 53. Eleza yatakayompata yeye mwenyewe, na yatakayowapata wanafunzi wake, dakika ile ile anapomaliza kuandika. Kisha zipange amri hizo upya, na uongeze moja iliyokosekana. Majibu yaandikwe katika karatasi, si katika kompyuta, yaletwe kwangu kabla ya Ijumaa ya juma la tatu.