Swali na Jibu: Mlango wa Gari Uliobonyea

Swali: Pembe ya ng'ombe imebonyeza mlango wa gari langu hapa Kilelengwani, kwenye delta ya Tana. Je, niunyoshe mwenyewe, ama nimpelekee fundi Malindi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujashika nyundo itazame rangi; kwani ikiwa haikupasuka, na pahali palipobonyea ni papana pasipo kina, tena mbali na ukingo, waweza kuvua ubao wa ndani wa mlango ukasukuma taratibu kwa nyuma, ukianzia pembezoni kuelekea kati, wala usipige kwa nguvu, madhali bati likishatanuka halirudi ila kwa moto na ustadi.

Lakini ikiwa chuma ki wazi, rai yangu ni kufanya hima, kwa kuwa unyevu wa delta ya Tana, pamoja na chumvi ya bahari iliyo karibu, huleta kutu, nayo hutambaa chini ya rangi pasipo kuonekana. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu siku iyo hiyo, kisha mwendee fundi wa bodi. Naye mshikilie anyoshe bati kwanza, asifukie bonde lote kwa puti nene, ambayo aghalabu hupasuka kwa mitikisiko ya njia.