Kipimo: Sumu ya Mshale Iliyofundisha Kutibu Moyo



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili nimetoka nalo nyumbani, Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na watu wa Pweto na Kilwa ya huko huzungumza Kiswahili. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo hiyo, ndiyo maana sisi wajukuu tulilelewa kwa Kibemba na Kiswahili pamoja.

Likizo iliyopita nilimkuta bibi ana maradhi ya moyo. Miguu ilikuwa imemvimba, na usiku hawezi kulala chali. Daktari alimwandikia vidonge vya kupunguza maji mwilini pamoja na digoksini, nusu kidonge kwa siku. Baada ya wiki mbili uvimbe ulipungua, akaanza tena kwenda mwenyewe sokoni Kashikishi kununua chisense, dagaa wetu wa Mweru. Sote tukamshukuru Mwenyezi Mungu.

Kisha akaanza kutapika. Chakula hakitaki, na jioni moja akasema taa ina rangi ya manjano pembeni. Nilimshika mkono nikahesabu mapigo: 44 kwa dakika. Nikaomba pakiti ya dawa, nikakuta imekaribia kwisha.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "nusu imenipa nafuu. Nikaona nikila kimoja na nusu nitapona upesi."

Tulimkimbiza hospitali. Dawa ikasimamishwa, akawekwa chini ya uangalizi, na baada ya siku tano akarudi nyumbani. Alhamdulillah. Lakini mimi niliona haya. Nasomea ufamasia, mwaka wa tatu. Pakiti ile niliiona siku ya kwanza nilipofika, wala sikukaa na bibi kumweleza.

Tukiwa nje ya wodi, kaka yake bibi, mzee aliyewahi kuwinda ujanani, aliniuliza: "Hii dawa yenu mbona inafanya kazi kama ubulembe?" Ubulembe kwa Kibemba ni sumu ya mishale. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa babu alikuwa amegusa jambo la kweli.

Mswaki wa daktari

Kati ya 1858 na 1863, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, John Kirk, alikuwa katika msafara wa David Livingstone kwenye mito ya Zambezi na Shire. Huko waliwaona wawindaji wakitumia mishale iliyopakwa sumu iitwayo kombe. (Msichanganye na kombe letu la zafarani linalonywewa, haya ni maneno mawili tofauti.) Sumu hiyo ilitoka katika mbegu za mmea unaotambaa, na wataalamu wakauita *Strophanthus kombe*, wakiliacha humo neno la wawindaji wenyewe.

Kirk aliweka sampuli mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, kisha akagundua mapigo ya moyo wake yamebadilika. Kwa ajali hiyo akajua kwamba kombe linagusa moyo.

Wasomaji wa Zanzibar wanamjua Kirk kwa jambo jingine. Alifika kisiwani 1866 akiwa daktari, baadaye akawa konseli wa Uingereza, na ndiye aliyembana Sayyid Barghash hadi mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Livingstone naye alifika Ziwa Mweru Novemba 1867, na katika mji wa Kazembe aliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Kwa hiyo pwani yetu na ziwa letu vimo katika habari hii tangu mwanzo.

Mtu wa kemia aliyeingia moyoni

Sampuli za kombe zilifika Edinburgh, mikononi mwa Thomas Richard Fraser. Huyu alizaliwa Calcutta, India, 1841. Tasnifu yake ya udaktari ya 1862 ilihusu mbegu yenye sumu kutoka Calabar, Afrika Magharibi, ambayo watu walinyweshwa kama kiapo ili ijulikane nani ana hatia.

Kabla hajaingia katika kombe, Fraser alishirikiana na mwanakemia Alexander Crum Brown. Walichukua sumu zinazojulikana, mfano strikinini, wakabadilisha sehemu ndogo tu ya molekuli. Strikinini humfanya mnyama akakamae na kutetemeka. Walipoiongezea kundi dogo la kaboni na hidrojeni, ikageuka: badala ya kukakamaza, ikapooza misuli. Mwaka 1868 walitangaza kwamba umbo la kikemia la kitu na kazi yake mwilini vina uhusiano. Nasi tunaosoma kemia ogania, yaani kemia ya kaboni, tunajenga juu ya msingi huo kila tunapochora molekuli ya dawa ubaoni.

Fraser akaigeukia kombe kwa njia hiyo hiyo. Kwanza alitazama moyo wa chura. Akaona sumu inaushika msuli wa moyo wenyewe: unabana kwa nguvu zaidi, na sumu ikizidi unabaki umebana, haulegei tena. Kisha akatenga kiini cha mbegu akakiita strofanthini. Akabaini pia kwamba asidi hukivunja kikatoa sukari na sehemu nyingine aliyoiita strofanthidini. Ndipo akajiuliza swali la tabibu: kama kingi kinaubana moyo hadi kuua, je, kidogo sana kitausaidia moyo uliochoka?

Mwaka 1885, mbele ya madaktari waliokutana Cardiff, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa moyo kwa dawa ya strofanthasi. Mwaka 1890 akachapisha kazi ndefu juu ya mmea huo, kemia yake na utendaji wake. Tangu sumu ya kwanza mikononi mwake mpaka mgonjwa kitandani ilipita zaidi ya miaka kumi. Muda huo wote alikuwa anatafuta kipimo.

Inavyofanya kazi

Kila seli ya moyo ina pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Fikirini mtumbwi unaovuja kidogo na mtu mmoja anayechota maji kwa kopo. Dawa hizi humshika mkono huyo mchotaji. Sodiamu ikibaki ndani, kalisiamu nayo hubaki, na kalisiamu ndiyo inayoubana msuli. Ukimpunguzia mchotaji kasi kidogo, moyo hubana vizuri zaidi. Ukimzuia kabisa, mtumbwi unazama: mapigo yanavurugika na moyo unasimama.

Mswisi Hans-Jürgen Schatzmann alionyesha 1953 kwamba dawa za ukoo huu huzuia pampu hiyo. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alikitambua kimeng'enya chenyewe katika neva za kaa, na 1997 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Chombo kimojawapo cha uchunguzi huo kilikuwa uabaini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale.

Digoksini ya bibi haikutoka katika kombe. Ilitengwa 1930 kutoka katika mmea wa Ulaya. Lakini ni ukoo mmoja: kiini cha steroidi kilichofungamana na sukari. Babu hakukosea.

Nilimuuliza pia swali lililokuwa likinisumbua: mliwezaje kula nyama ya mnyama aliyeuawa kwa sumu? Akasema walikata sehemu iliyozunguka mshale, wakala iliyobaki. Kemia inamuunga mkono. Strofanthini hupenya vibaya sana kutoka tumboni kwenda katika damu. Sifa iliyomlinda mwindaji ndiyo iliyomsumbua daktari: dawa ya kunywa haikutabirika, na mbegu za aina mbalimbali zilipochanganywa nguvu yake ilibadilika. Ndiyo maana digoksini, inayopenya vizuri ikimezwa, ndiyo iliyobaki madukani.

Tunachoondoka nacho

Suratul-Qamar, aya ya 49, inatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Kidonge cha kawaida cha digoksini kina miligramu 0.25. Gramu moja tu hutoa vidonge 4,000. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinapakana, na mpaka huo bibi yangu aliuvuka kwa nia njema kabisa.

Basi, ndugu zangu, hasa mnaosomea tiba:

1. Mkifika nyumbani, ombeni kuona dawa za wazee. Waelezeni kipimo kwa lugha yao, kisha waombeni wawaelezee ninyi.
2. Anayetumia digoksini akitapika, akikosa hamu ya kula, akiona manjano au mapigo yakishuka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
3. Ulizeni kwa adabu kuhusu mizizi na majani wanayotumia. Baadhi ni ukoo uleule wa dawa waliyopewa, na viwili hivyo vikikutana kipimo kinapotea.
4. Msiwadharau wenye elimu ya porini. Fraser alianza na kile ambacho wawindaji wa Shire walikuwa wamekwisha kukijua.

Sasa bibi ana kopo dogo. Kila Jumapili tunamwekea humo nusu saba, si zaidi. Asubuhi akimeza moja huhesabu kwa sauti zilizobaki, na nikipiga simu hunitajia idadi kabla hata sijamsalimia.

Wabillahi tawfiq.