LENZI NDIYO JEMBE

Mjomba wangu hupenda kupiga picha za furukombe kule Dunga. Sasa amedunduiza pesa za kamera ndogo isiyo na kioo ndani, akaniuliza, "Wewe msomi, ninunue gani?" Jibu langu ni hili.

Kwanza, angalia lenzi. Kila kampuni ina tundu lake: lenzi ya Sony haiingii kwa Fujifilm bila adapta. Lakini mwaka wa 2008 Olympus na Panasonic zilikubaliana tundu moja, Micro Four Thirds, basi lenzi zao zinaazimana.

Pili, sensa. Yao ni milimita 17.3 kwa 13, ndogo kuliko ya kamera nyingi za Sony na Fujifilm. Giza likiingia, picha hutoa chengachenga. Hata hivyo, lenzi yake ya milimita 300 huvuta ndege kama ya 600 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35, tena ni nyepesi kubeba kwa matatu.

Ndege wa mbali mchana? Chukua hiyo. Harusi za usiku? Tafuta sensa kubwa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa chagua sana! Bodi ni mpini tu, ukichakaa utatia mwingine. Lenzi ndiyo jembe.