Kompyuta Kuukuu na Diski Kubwa

Tuseme shule moja wilayani Ngara ina kompyuta kuukuu. Mwalimu ametia ndani yake diski mpya ya gigabaiti 200, lakini kompyuta inaonyesha gigabaiti 137 tu. Kwa nini?

Fikiri juu ya ghala la mahindi huko Biharamulo. Karani huyapa magunia namba za tarakimu tatu, yaani 000 hadi 999. Gunia la 1,001 halipati namba. Halionekani daftarini, ingawa limo ghalani.

Kompyuta nayo ina karani wake. Huyo ni programu ndogo iitwayo baiosi, iliyohifadhiwa katika bodi kuu. Baiosi za zamani huhesabu sehemu za diski kwa tarakimu 28 za 0 na 1. Zile mpya hutumia tarakimu 48.

Basi mwalimu ataiondoa baiosi ya zamani na kuandika mpya, iliyotengenezwa kwa bodi ya aina hiyo hiyo. Umeme ukikatika wakati huo, huenda kompyuta isiwake tena. Kwa hiyo kwanza aiunganishe na betri ya akiba.

Maswali
1. Kwa tarakimu nne, karani ataweza kuhesabu magunia mangapi?
2. Betri ya akiba ina kazi gani?