SOMO LA MWEZI: MAKAO GANI YANATUFAA?



Mwezi huu tutajifunza juu ya kununua makao. Tangu treni mpya ianze kusimama Voi mwaka 2017, maneno ya ploti yamekuwa mengi. Kikundi kimoja cha akina mama kilitujia na swali. Walikuwa na akiba ya miaka minne, na mtu amewaonyesha ploti karibu na mji. Alitaka pesa zote kwa siku tatu, la sivyo atampa mwingine. "Tununue ama tuache?"

Hatukuwajibu ndiyo wala la. Tuliwauliza mawili: Ni nani atakaa hapo, na atakula nini? Na ardhi hiyo ni ya nani?

1. TUANZE NA MAISHA YETU

Wazee wetu Wataita hawakutegemea mahali pamoja. Walikuwa na shamba juu mlimani na lingine chini nyikani, mvua ikikosa huku wapate kule. Walichagua ardhi kwa kazi yake. Nasi tufanye hivyo. Mwenye mbuzi kumi hawezi kuishi kwenye ploti ya mjini. Na kijana wa kazi ya gereji Voi akinunua shamba Wundanyi, atakuwa mgeni kwake mwenyewe.

2. AINA ZA MAKAO

(a) Shamba la milimani. Kuna baridi, mvua ni nzuri, mboga zinamea. Lakini vipande ni vidogo na vimeinama, tena nyingi ni ardhi ya ukoo. Anayekuuzia huenda ana ndugu watano wasiojua habari.

(b) Shamba la nyika. Ni kubwa na bei ni ya chini, lakini uliza kwa nini. Mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa 1948, zinachukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu, na ndovu hawajui mpaka. Nenda wakati wa kiangazi, si baada ya mvua kila kitu kikiwa kijani. Waulize majirani maji wanateka wapi na ndovu walipita lini. Ukijenga, weka mifereji ya paa na tangi. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 20, hukupa lita 900 hivi, yaani madebe 45.

(c) Ploti ya mjini. Shule, hospitali na soko viko karibu. Lakini hapa kuni, maji na mboga vyote ni pesa. Piga hesabu ya mwezi mzima kabla hujahama, usihesabu bei ya ploti peke yake. Wengine wanafaa kupanga chumba mjini na kuendelea kulima nyumbani. Kupanga si aibu.

(d) Ardhi ya pamoja. Mfano tunao hapa hapa Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni. Watu walikuwa wamejenga pale kwenye ardhi isiyo yao, sehemu yake ikiwa ya shirika la reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa ulipotengenezwa, wenyeji walijadiliana wakachagua ardhi iwe ya jamii yote, na kila mtu awe na nyumba yake. Mtu akihama anaweza kuuza nyumba, lakini ardhi hauzi. Ulikuwa mpango wa kwanza wa namna hiyo Kenya. Waliogopa jambo moja: maskini akipewa hati yake peke yake, tajiri huja na noti, na maskini anarudi kwenye kibanda. Ugumu wake ni kwamba sheria za wakati ule hazikuuzoea mpango huo, na karatasi zilichelewa sana. Kikundi kikitaka njia hii kiwe na subira na viongozi waaminifu.

3. KABLA YA KUTOA SHILINGI MOJA

- Chukua nambari ya ploti, uende ofisi ya ardhi ukaulize rejista. Ndiyo watu huita "sachi". Utaona mwenye ardhi ni nani na kama ina deni la benki.
- Barua ya kugawiwa ploti si hati ya kumiliki. Barua ya chifu pia si hati.
- Shamba la kilimo lahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Kibali kiombwe kabla ya miezi 6 kuisha tangu mapatano. Bila kibali, mapatano hayana nguvu.
- Mapatano yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili mbele ya mashahidi.
- Kama ni nyumba ya mume na mke, wote wawili wakubali. Sheria ya 2013 inataka hivyo.
- Kikundi kisiandikishe ardhi kwa jina la mwenyekiti peke yake. Akifa, mtabishana na watoto wake.

Na wale akina mama? Walikwenda ofisini. Rejista ilikuwa na jina jingine kabisa, wala si la yule muuzaji. Tena walipoulizana wenyewe, waliotaka kweli kuhamia mjini walikuwa watatu tu. Wengine walitaka tangi la maji nyumbani. Pesa yao bado wanayo.

Yesu alifundisha, katika Luka 14, juu ya mtu anayeketi kwanza na kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Tuketi kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu, nani anahitaji shamba, nani ploti, nani kupanga?
2. Je, kuna mtu kijijini aliyepoteza pesa ya ardhi? Alikosea hatua gani?
3. Tukinunua pamoja, atakayetaka kutoka atalipwaje? Andikeni jibu hilo kabla ya kununua.