Punje Kumi Hazitoshi: Namna ya Kupima Uotaji wa Mbegu za Mahindi

Mvua za Novemba zinapokaribia, wakulima wa Makambako na vijiji jirani hununua mbegu za mahindi. Wapo wanaozijaribu kwanza: huotesha punje 10, na zikiota 9 huridhika. Desturi hiyo ni njema, lakini punje 10 hazitoshi kutoa hukumu.

Tuchukue mfano wa mfuko ambao robo ya punje zake zimekufa. Hesabu za uwezekano zaonesha kwamba, ukichota punje 10 bila kuchagua, karibu mara 1 katika kila 4 zitaota 9 au zote 10. Mbegu dhaifu itaonekana bora, na hasara itajulikana shambani, wakati wa kupanda umekwisha kupita. Ukijaribu punje 100 za mfuko huohuo, uwezekano wa kuona 90 au zaidi zikiota haufiki mara 1 katika 1,000.

Kadiri punje zinavyoongezeka, ndivyo jibu linavyoukaribia ukweli, ila kwa mwendo wa polepole: ili kupunguza kosa kwa nusu, sharti idadi iongezwe mara nne. Mbegu zenye uotaji wa asilimia 90, zikipimwa kwa punje 100, kwa kawaida hutoa jibu kati ya asilimia 84 na 96. Kwa punje 400, kati ya 87 na 93. Kanuni za kimataifa za maabara za mbegu hutaka punje 400. Kwa mkulima nyumbani, 100 zatosha.

Wingi pekee hauleti ukweli iwapo punje zote zimetoka sehemu moja. Chota juu, katikati na chini. Ukiwa na mifuko kadhaa, chota katika kila mmoja. Zipange katika kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto, na siku ya 7 uhesabu zile tu zenye mzizi na chipukizi timamu. Mbegu zilizotiwa dawa ni sumu: zisiliwe, na mikono inawiwe.

Tunashauri ununue mapema, ukague lebo ya TOSCI, udai risiti na utunze mfuko. Matokeo yakiwa mabaya, rudia kwa punje nyingine 100. Yakibaki vilevile, mrudie muuzaji ukiwa na risiti na mfuko. Asipokusikiliza, toa taarifa kwa afisa ugani au TOSCI kabla ya kupanda.