Kosa la Kwanza Ndilo la Kusomwa

Programu iliyokubali jana yaweza kukataa leo, hata kama mtungaji hakugusa herufi moja. Mwaka 2016 OpenSSL 1.1.0, maktaba ya vipande vya programu vya kusimba siri, ilificha sehemu zake za ndani. Programu zilizozoea kuzigusa moja kwa moja zikakataliwa na kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi kuwa lugha ya mashine.

Wanafunzi hukimbilia kosa la mwisho, kwa kuwa ndilo lililo mbele ya macho. Mwalimu awarudishe juu hadi la kwanza. Mara nyingi mengine huzaliwa nalo. Pasipo kompyuta, hesabu ndefu ubaoni yenye kosa katika hatua ya pili yatosha. Kisha waulize: kilichobadilika ni maandishi au maktaba? Ikiwa ni maktaba, wasome kwanza maelezo ya toleo jipya.